Jinsi ya Kupima Muunganiko wa Barabara za Mtaa Wako Jijini Nakuru

Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, imebanwa na kreta ya volkeno ya Menengai upande wa kaskazini na mbuga ya Ziwa Nakuru upande wa kusini, hivyo hutanuka zaidi kuelekea mashariki na magharibi, ambako mashamba hukatwa ploti, shamba moja baada ya jingine. Kila mwenye shamba huacha njia moja katikati, nayo hukoma kwenye ua wa jirani. Kasoro ya barabara kutounganika huanzia hapo, na mkazi yeyote anaweza kuipima.

Fungua ramani ya OpenStreetMap, ambayo haina malipo, uchore mraba wa kilomita moja kila upande. Kila barabara zinapokutana, andika idadi ya njia zinazotoka hapo: 3 kwa njia panda, 4 kwa makutano ya msalaba, na 1 mahali njia inapokoma bila kutokea popote. Kona tupu usiihesabu. Jumlisha, kisha ugawe kwa idadi ya alama zako. Wastani ukikaribia 4, barabara zimeshikana vizuri. Ukishuka hadi 2, mtaa umekuwa kama mti, ambao kutoka tawi hadi tawi ni lazima urudi shinani. Ningekushauri uanze katikati ya mji, karibu na Barabara ya Kenyatta, ndipo uende mitaa ya pembezoni kama Kiamunyi au Lanet, upate cha kulinganisha.

Baada ya hesabu, tembea. Iwapo shule iko mita 300 kutoka nyumbani kwa mstari ulionyooka, lakini mtoto hulazimika kwenda mita 900, umbali wake umeongezwa mara tatu na ua tu.

Linganisha pia picha za setilaiti za miaka iliyopita. Utafiti wa Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba tangu 1975 barabara mpya katika sehemu nyingi za dunia zimezidi kukosa muunganiko. Na barabara ikishachorwa ni nadra kuhamishwa, kwa kuwa nyumba huota kandokando yake.

Kwa sababu hiyo, usingoje mabati yaezekwe. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka ugawaji wa shamba upate kibali cha kaunti, basi peleka ramani yako kabla mpimaji hajasimika mawe ya mpaka, ukiomba njia ya shamba jipya ielekezwe pale njia ya jirani ilipokomea.