SOMO: Mashairi na uchoraji kwa mtoto mwenye jambo moyoni (hatua kwa hatua, maswali mwisho)

Asalaam aleikum wanakikundi, wengi mumeniuliza vile tunavofanya na watoto pale mtaani Langoni, Lamu, jioni, sasa nimekaa naandika yote hapa. Kwanza ieleweke si tiba hii, mi si daktari. Ni njia ya kumpa mtoto pa kuweka kitu asichoweza kukisema, basi. Na wala usingoje akue, Shirika la Afya Duniani lasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya 18.

Hatua ya 1. Vifaa. Usinunue vitu vya bei. Manila moja ikate vipande vinne, makaa ya jikoni, krayoni kama zipo, na malapa mabovu yale yanayoletwa na maji ufuoni, kata umbo la samaki ama nyota, paka rangi, ushapata mhuri. (Kama malapa na plastiki za ufuoni zilijenga jahazi la Flipflopi likasafiri Lamu hadi Zanzibar 2019, mhuri hautushindi.)

Hatua ya 2. Usimuulize "una nini?" maana atakujibu "sina" na mlango ushafungwa. Mwambie achore bahari ya leo ya moyo wake. Shwari? Ina mawimbi? Ama kusi limevuma mpaka vyombo haviendi? Mtoto wa huku hayo yote ayajua tangu mdogo, hafundishwi. Akimaliza usiseme "mbona hii mashua imepinda", usimsifu sana pia, mwambie tu "hebu nieleze hapa" halafu nyamaza. Kunyamaza ndo kazi kubwa ya somo hili lote na ndo inayowashinda watu wazima wengi, tunataka tujaze kila pengo kwa nasaha.

Na rangi jamani, tuache uganga wa rangi. Mtoto akichora kwa nyeusi watu washaanza "huyu ana huzuni", kumbe ulimpa makaa!

Hatua ya 3. Ubeti. Hapa ndo tuna bahati watu wa Lamu, utenzi tumeusikia utotoni. Kila kipande (mstari) mizani nane, yaani silabi nane, vipande vitatu vya kwanza vyaishia kwa kina kimoja, cha nne kina kina chake. Siku za mwanzo usidai mizani, acha aropoke tu mistari. Akizoea ndo mhesabu pamoja kwa vidole, na hiyo kuhesabu yenyewe humtuliza, akili inashughulika na silabi kidogo badala ya lile jambo peke yake. Mwambie azungumze kupitia kitu kingine, punda, ngalawa, paka, asilazimike kusema "mimi". Mfano nimetunga mwenyewe wa kuwaonyesha:

Ngalawa imerejea
pwani nimeingojea
paka amenisogea
na baba hayumo ndani

Si lazima umwambie mtoto yahusu nini, na asipotaka kusoma chake mbele ya wenzake asisome.

Hatua ya 4. Kufunga. Usimwache na jambo zito halafu "haya nenda nyumbani". Maliza na vitendawili ama mbio za pwani. Kuna mtafiti wa Marekani, James Pennebaker, yeye na mwenzake mwaka 1986 walitoa utafiti wa wanafunzi wa chuo walioandika mambo mazito yaliyowapata kwa siku nne mfululizo, papo hapo walijisikia vibaya zaidi ila miezi iliyofuata walienda kliniki mara chache. Wale ni watu wazima, sisi tuna watoto, ndo maana mi hufunga na mchezo. Mtoto akilia kidogo usishtuke, kaa naye.

Hatua ya 5. Karatasi ni yake. Akitaka kuichana aichane. Usiipige picha ukaweka status, hata kama imependeza vipi.

MASWALI

Mama wa Mkomani: Dada, wangu wa miaka tisa kila siku achora nyumba inawaka moto. Nimzuie?
— Usimzuie bi. Muulize nani yumo ndani, na baadaye kutatokea nini. Ikiwa siku zote ni ile ile haibadiliki, na usingizi hapati ama ameanza tena kukojoa kitandani, mpeleke hospitali ya King Fahd hapa Lamu wamuone. Akitaja kufa, ama kuna mtu amemgusa vibaya, usingoje hata siku moja, piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure Kenya nzima.

Ustadh wa Matondoni: Wazazi wangu wa madrasa hawataki picha za viumbe.
— Na ni haki yao ustadh, tusivutane. Tumia naqshi, maua na pembe kama za milango yetu na ya Siyu, ama hati. Mtoto anayejaza naqshi pole pole hutulia pia, wengine naona hutulia zaidi. Mihuri ya samaki acha, kata nyota.

Kaka mkubwa, Shela: Mdogo wangu ana 14 asema utenzi ni wa wazee, yeye ni rap tu.
— Rap ina vina, tatizo liko wapi? Mpe simu ajirekodi peke yake chumbani. Usiombe kusikia, akitaka atakuita.

Mwalimu, Mokowe: Darasa langu lina watoto wengi mno, nawezaje kumsikiliza kila mmoja?
— Huwezi mwalimu, tusidanganyane. Wote wachore bahari ya leo dakika kumi, upite ukiangalia, wenye kusi uwaite mmoja mmoja wakati wa mapumziko, mbali na wenzao. Wengine warudishie karatasi zao bila maksi. Bila maksi kabisa, hata tiki usitie.