Jina lako kwenye programu si hati ya umiliki

Mtafiti mwenzangu, kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu ya kompyuta ya mradi, fungua mkataba wako wa ajira utafute kifungu cha hakimiliki. Kwa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwajiri hakimiliki ya kazi uliyoifanya ukiwa kazini, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Haki ya kutajwa kuwa mtunzi inabaki yako, idai! Kwenye faili la leseni, lile linaloeleza masharti ya kutumia programu, andika chuo kilichokuajiri penye mwenye hakimiliki, jina lako liwe kwenye watunzi. Na ukitaka kuondoka na nakala ya data ya mradi, omba ruhusa ya maandishi ungali kazini. Nimeona mtu akinyimwa madodoso aliyojaza mwenyewe vijijini, kisa alitegemea "chukua tu" ya mdomo. Inauma sana.