GPU-Z yasema hivi, Windows yasema vile: kukagua kadi ya grafiki hatua kwa hatua

Juzi nilikuwa Kisauni kwa kijana anayehariri video za harusi. Alikuwa amenunua Dell OptiPlex 7010 iliyotumika, RAM GB 16, ndani yake kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti ya GB 4, na kila programu aliyoifungua ilimpa namba zake. GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi ya grafiki, ilisema memori inakwenda kwa MHz 1752; MSI Afterburner, ya kurekebisha kasi ya kadi, ikasema 3504. Dxdiag, chombo cha uchunguzi kilichomo ndani ya Windows, ikamwambia ana GB 12 za memori ya grafiki. "Kaka, wameniuzia feki," akaniambia, na tayari alikuwa ameshalitafuta boksi airudishe dukani.

Kadi haikuwa feki. Ila katika namba zote zile kulikuwa na moja iliyoonyesha hitilafu ya kweli, na hiyo hakuitazama. Namba nyingi hutofautiana kwa sababu kila programu inauliza swali lake, kwa wakati wake. Chache hutofautiana kwa sababu kuna kitu kibovu, na hizo ndizo za kuzisaka.

Hatua ya 1: Chagua vyombo vyako

Pakua GPU-Z na HWiNFO (inayosoma joto na vipimo vya mashine nzima), na draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, yaani NVIDIA au AMD. Zile programu zinazojinadi kuwa zitakutafutia draiva na kuipa kompyuta kasi, ziondoe zote. Sizitaki kwenye mashine ya mtu anayeitegemea kwa riziki.

Hatua ya 2: Hakikisha unaitazama kadi yenyewe

Chini ya dirisha la GPU-Z pana orodha ya kuchagua kadi. Kompyuta yenye grafiki za Intel huweza kukuonyesha hizo kwanza, ukakasirika bure. Angalia pia kebo ya monita: ichomekwe kwenye kadi, si kwenye bodi mama.

Kisha soma idadi ya "Shaders", yaani vichakataji vidogo vilivyo ndani ya kadi. GTX 1050 Ti halisi ina 768. RX 580 ya kawaida, ya AMD, ina 2304. Ukikuta 2048, hiyo ni RX 580 2048SP, ambayo ni kadi dhaifu zaidi hata kama boksi limeandikwa 580 kwa herufi kubwa. Tangu 2018 GPU-Z huweka neno FAKE mbele ya jina inapogundua kadi ya NVIDIA iliyobadilishwa BIOS, ile programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya kadi. Ukiliona hilo, piga picha skrini na urudi kwa muuzaji. Hakuna seting itakayokusaidia.

Hatua ya 3: Memori

Hapa hakuna ugonjwa. Kwa memori ya GDDR5, GPU-Z inaonyesha kasi ya msingi, 1752. Afterburner inaionyesha mara mbili, 3504. Matangazo ya dukani huizidisha mara nne, ndiyo ile 7008 unayoisikia. Ni kitu kimoja. Ukitaka kumaliza ubishi tazama "Bandwidth", yaani data inayopita kwa sekunde: 1050 Ti inapaswa kuonyesha takriban GB 112 kwa sekunde.

Zile GB 12 za dxdiag ni GB 4 za kadi pamoja na GB 8 ambazo Windows inaruhusu zikopwe kutoka kwenye RAM, yaani nusu ya zile 16. Kinyume chake, kuna programu za zamani zinazokwama kwenye GB 4 hata kadi ikiwa na 8, kwa kuwa namba zinayoisoma kutoka Windows imehifadhiwa kwa biti 32 tu.

Hatua ya 4: Njia za PCIe

PCIe ndiyo njia ambayo kadi na bodi mama hupitishiana data. Hapa ndipo muda wa watu unapopotelea, kwa hivyo twende taratibu.

Kwenye GPU-Z tafuta "Bus Interface". Utaona kitu kama "PCIe x16 3.0 @ x16 1.1". Kabla ya alama ya @ ni uwezo; baada yake ni hali ya sasa hivi. Kila upande una mambo mawili: upana, yaani idadi ya njia (x16), na kizazi, yaani kasi ya kila njia (3.0).

Kizazi hushuka kadi ikiwa imepumzika, kuokoa umeme. Kwa hivyo 1.1 kwenye kompyuta isiyofanya kazi haina maana yoyote. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo kando, anzisha jaribio la kuchora, subiri kidogo, ndipo usome. Wakati huohuo iache HWiNFO wazi, na kwa kadi ya NVIDIA fungua dirisha la amri uandike `nvidia-smi -q`, uangalie sehemu ya PCIe. Zote zisomwe kadi ikiwa chini ya mzigo uleule. Ukisoma moja kadi imelala na nyingine imeamka, hazitapatana hata siku moja.

Kizazi kikigoma kupanda, angalia prosesa na bodi mama kwanza. Kadi ya 3.0 kwenye mashine ya 2.0 itabaki 2.0, na hiyo ni haki yake. Kama mashine inaweza zaidi, ingia BIOS ya bodi mama, menyu inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uone kama kuna mtu aliyefunga kasi ya sloti. Irudishe kwenye Auto.

Upana ni habari nyingine. Ukiona x4 au x8 chini ya mzigo, usipuuze, lakini usikimbilie kulaumu kadi pia. Kuna kadi zilizoundwa hivyo: GT 1030 ina njia 4, RX 6600 ina 8. Kama yako si ya namna hiyo, tazama sloti. OptiPlex 7010 kubwa ina sloti mbili ndefu zenye umbo moja, ila moja imeungwa njia 4 tu. Kadi ya kijana wetu ilikuwa imechomekwa humo, ikisoma x4 2.0: GB 2 kwa sekunde badala ya karibu 16. Tuliihamishia sloti ya karibu na prosesa, ikasoma x16 3.0.

Kama sloti ni sahihi na upana bado mdogo, shuku meno ya kadi. Sisi wa pwani upepo wetu una chumvi. Unyevu na vumbi hushikamana pale hadi njia kadhaa zikakatika. Zima mashine, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha ili umeme uliobaki uishe. Bonyeza kilimi kilicho mwisho wa sloti kabla ya kuvuta. Wengi huvuta kwa nguvu na kukivunja. Futa meno kwa kitambaa cha pamba chenye isopropili, yaache yakauke, rudisha kadi hadi kilimi kilie. Usitumie thina wala petroli. Raba ya penseli mimi siitaki, huacha vumbi lake ndani ya sloti.

Bado? Toa kebo ya kurefushia sloti kama ipo, na kadi nyingine zinazogawana njia. Mwisho kabisa kagua pini za soketi ya prosesa. Pini moja iliyopinda inaweza kula njia.

Hatua ya 5: Matumizi na joto

Task Manager ikionyesha kadi haifanyi kazi wakati video inatolewa, badilisha grafu kutoka 3D uweke Video Encode. Kwa joto, HWiNFO huonyesha pia sehemu yenye joto kali kuliko zote, nyuzi 10 hadi 15 juu ya ile ya Task Manager, na hilo ni kawaida. Msimu wa kaskazi tazama "PerfCap Reason" kwenye GPU-Z. Ikiandika Thrm, kadi inapunguza kasi kwa ajili ya joto: safisha feni, badilisha pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya chipu. Ikiandika Pwr kwenye 1050 Ti isiyo na kebo ya umeme, iache. Imefikia wati 75 za sloti.