Gari dogo la zamani linabugia mafuta? Anza na themostati na breki

Vitz ya kwanza, Starlet, Passo au IST iliyokwishatembea kilomita laki mbili bado inaweza kukupa kilomita 14 hadi 17 kwa lita moja ukiwa kwenye lami kati ya Mtwara na Lindi. Ikikupa 10, mafuta yanapotelea mahali, na mara nyingi mahali penyewe si plagi wala nozeli (vinyunyizio vya petroli), ingawa ndiko fundi wengi wanakoanzia. Bebiwoka la zamani huangushwa na mambo mawili ya bei ndogo: injini isiyofikia joto lake, na magurudumu yasiyozunguka kwa uhuru. Maliza hayo kabla hujanunua kifaa chochote.

Pima kwanza

Mshale wa mafuta haupimi kitu. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usimruhusu mhudumu aendelee kudondoshea hadi shingoni. Rudisha namba ya safari kwenye sifuri. Nenda Lindi urudi, kisha jaza sheli ileile, pampu ileile, gari likiwa limeelekea upande uleule, kwa sababu sakafu ya sheli ikiinama kidogo tu tenki linapokea tofauti. Gawanya kilomita kwa lita ulizojaza: kilomita 214 kwa lita 14.6 ni 14.7 kwa lita. Kosa la lita moja tu hapo ni karibu asilimia 7, kwa hiyo usiamini safari moja. Piga mbili au tatu, uandike kwenye daftari.

Pima kwenda na kurudi, kamwe si upande mmoja. Kusi ikivuma, katikati ya mwaka, safari ya kutoka Lindi kuja Mtwara hula zaidi kuliko ya kwenda, na mtu aliyepima upande mmoja humlaumu fundi kwa kosa la upepo. Angalia pia saizi ya matairi. Gari lililotoka kiwandani na 165/70R14 likivalishwa 185/65R14, tairi linakuwa kubwa zaidi kwa asilimia 1.6, kwa hiyo kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi ni pungufu kidogo ya zile ulizotembea.

Na zile namba za Kijapani za kilomita 20 kwa lita zisikusumbue. Zilipimwa kwa utaratibu wa majaribio wa Kijapani uitwao 10-15, ndani ya maabara, wastani wa mwendo ukiwa kilomita 22.7 kwa saa na mwendo wa juu kabisa 70. Hakuna aliyebeba shemeji na gunia la mihogo humo.

Themostati iliyotolewa

Gari likichemsha mara moja, fundi wengi wa huku hung'oa themostati (valvu inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) na kusema nchi ya joto haiihitaji. Gari linaacha kuchemsha kwa muda, mteja anafurahi, na kuanzia siku hiyo linakula. Sababu ni kwamba maji sasa yanapita kwenye rejeta muda wote. Ukienda 80 na upepo wa barabarani, injini haipandi hadi joto lake la kazi. Kompyuta inasoma kwamba injini bado ni ya baridi, inaongeza petroli kama inavyofanya asubuhi. Oili inabaki nzito. Kwenye gia otomatiki hasara inazidi: injini ikiwa ya baridi kompyuta inaweza kukataa kuingiza gia ya juu, na resi zinabaki juu safari nzima.

Kuchunguza ni rahisi. Washa gari asubuhi likiwa limepoa kabisa, liache kwenye sailensi (linaunguruma bila kukanyagwa mafuta), ushike bomba nene la chini la rejeta, mbali na feni na mikanda. Linatakiwa libaki la baridi kwa dakika kadhaa, kisha lipate moto themostati inapofunguka. Likianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo pamoja na bomba la juu, themostati haipo au imekwama wazi. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu. Taa hiyo ikishazimika haitakiwi kuwaka tena njiani. Ikiwaka ukiteremka mlima, jibu umeshalipata.

Kabla ya kufunga mpya, ijaribu jikoni. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, na uchemshe. Nyingi za injini hizi zimepigwa muhuri wa nyuzi 82. Ikiwa mkononi lazima iwe imefunga kabisa, na lazima ifunguke kabla maji hayajaanza kutokota. Isiyofanya hivyo irudishe dukani, hata kama boksi linang'aa.

Kufunga: injini ipoe, mwaga maji ya rejeta kwenye beseni, fungua nati za kasha la themostati (mara nyingi spana namba 10), safisha uso wa kasha, tumia mpira mpya, na kile kipini kidogo cha kutolea hewa kiwe upande wa juu. Jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na chumvi hula rejeta na pampu ya maji kutoka ndani. Acha mfuniko wa rejeta wazi, weka hita kwenye moto, washa injini na uongeze maji kadiri mapovu yanavyotoka, mpaka feni iwake na kuzima. Ndipo ufunge.

Gari likichemsha baada ya hapo, kosa halikuwa themostati tangu mwanzo. Angalia feni, mfuniko wa rejeta uliolegea springi, rejeta iliyoziba, na mwisho gasketi ya silinda hedi.

Breki zinazojishika

Magari yanayolala Shangani, Mikindani au mjini Lindi yanavuta hewa ya chumvi usiku kucha. Ongeza mchanga wa njia za Tandahimba na Nanyamba, na ndani ya mwaka mmoja au miwili pini za kalipa (kibanio cha pedi za breki) zinashika kutu. Pedi haziachii diski vizuri. Dereva hasikii kitu ila gari kuwa zito, analizoea, anakanyaga zaidi.

Endesha kilomita kumi hivi barabara ikiwa wazi, kisha liache gari lipunguze lenyewe na umalizie kwa hendibreki taratibu, bila kugusa breki ya mguu. Sogeza kiganja karibu na kila rimu. Iliyo ya moto kuliko wenzake ndiyo inayoshika. Halafu piga jeki gurudumu mojamoja, gari likiwa limekingwa kwa mawe na limekaa kwenye stendi, gia ikiwa huru, ulizungushe kwa mkono. La mbele lizunguke kwa msuguano mdogo wa pedi tu. La nyuma lizunguke mizunguko miwili mitatu likiachwa.

Ukipata linaloshika:

1. Vua kalipa uitundike kwa waya. Isining'inie kwa paipu yake, itachanika ndani.
2. Chomoa pini mbili za kutelezea. Piga msasa laini, futa, na kama zimechimbika badilisha pamoja na mipira yake.
3. Paka grisi ya silikoni ya breki, kidogo. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira na ndani ya miezi michache pini zinakwama vibaya kuliko mwanzo. Hili ndilo kosa la kila siku.
4. Rudisha pistoni ndani kwa klempu. Ikiwa ngumu sana, au mpira wake umepasuka na kutu imeingia, inahitaji kufunguliwa na kuwekewa mpira mpya.
5. Nyuma, fungua ngoma, toa vumbi kwa kitambaa kilicholowa (usilipulize na kulivuta puani), na hakikisha waya wa hendibreki unarudi wote unapoachia.

Gurudumu likiwa bado juu, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza au likinguruma ukilizungusha, beringi imekwisha. Kisha pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kutoka nje kwenda ndani na kurudi. Ukihisi meno makali upande mmoja na ulaini upande mwingine, alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) imehama na tairi linaburuzwa pembeni kila mita unayokwenda. Baada ya msimu wa mvua, na mashimo yake, kupima alaimenti ni matumizi mazuri ya pesa kuliko chupa yoyote ya dawa ya kusafisha nozeli.

Upepo wa matairi soma kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kimeandikwa kPa, na geji ya fundi pancha inasoma PSI: kPa 230 ni PSI 33. Pima asubuhi kabla tairi halijapata moto. Kuzidisha PSI 2 au 3 juu ya kibandiko kunasaidia tairi kubingirika kwa wepesi bila madhara makubwa. Kuzidisha kumi, kama wanavyoshauriana vijiweni, kunafanya gari liruke kwenye matuta na tairi liishe katikati. Geji yako mwenyewe ya bei ndogo ni bora kuliko jicho la fundi pancha.

Upande wa mafuta na moto

Plagi zitoe injini ikiwa ya baridi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi kavu kama masizi maana yake mafuta yanazidi, na hapo rudi kwenye themostati kabla hujaenda mbele. Nyeusi yenye mafuta maana yake injini inakula oili. Kwenye NGK na Denso nyingi, namba 11 mwishoni humaanisha nafasi ya milimita 1.1. Plagi za kawaida badilisha kila kilomita 20,000 hivi. Iridiamu huenda hadi laki moja, ila bandia zimejaa madukani, na bandia ya iridiamu ni mbaya kuliko halisi ya kawaida.

Sensa ya oksijeni (ya kwenye ekzosi, inayoiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua) ikizeeka huwa mvivu bila hata kuwasha taa ya injini. Nzima hurukaruka kati ya volti 0.1 na 0.9 injini ikiwa ya moto. Ikiganda mahali pamoja, kompyuta inakisia tu. Mashine ndogo za kupimia zinazounganishwa na simu hugoma kusoma Vitz nyingi za Japani za miaka ile, si kwamba gari ni bovu bali lugha zao ni tofauti. Starlet za nozeli hazihitaji mashine: unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kiboksi cha kupimia cha injini, unawasha swichi, na taa inahesabu namba ya kosa kwa kumemeta.

Oili weka 5W-30 kama mtengenezaji alivyosema. Ile nzito ya 20W-50 inayopendwa kwa hoja ya joto inaifanya injini ndogo isukume uzito bure, na injini zenye VVT-i hutegemea shinikizo la oili kubadilisha muda wa valvu. Injini ikiwa inakula oili kweli, hilo ni jambo jingine.

Chujio la hewa lina habari tofauti na inavyosemwa. Kwenye gari la nozeli, chujio chafu hupunguza nguvu kuliko linavyoongeza ulaji, kwa sababu kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa inayoingia. La kabureta ndilo linaloumia kweli. Badilisha hata hivyo: vumbi la Makonde likipita, linakwangua silinda.

Mguu

Ukitoka 80 kwenda 100, kani ya upepo unaolikinza gari inaongezeka kwa asilimia 56. Kwenye kilomita 100 unaokoa dakika 15 za kwenye karatasi, na vijiji vya mwendo wa 50 vinakula nusu yake. Gari la cc 1000 likae 75 hadi 80.

Ukiona kijiji au tuta mbele, ondoa mguu mapema gari likiwa ndani ya gia. Nozeli hufungwa kabisa mpaka resi zishuke karibu na 1,500 au chini kidogo, kwa hiyo kwa sekunde hizo hutumii hata tone. Ukiweka nyutro unatumia petroli ya sailensi, na kwenye mteremko wa Newala unabaki na breki peke yake mpaka zichemke. Kuzima injini mteremkoni ndiyo mbaya zaidi: buster ya breki inaishiwa nguvu na usukani unakuwa mgumu.

Kwenye otomatiki za zamani tazama taa ya O/D OFF, inayoonyesha kwamba gia ya juu imefungwa. Wengi hubonyeza kitufe chake bila kujua na kutembea wiki nzima bila gia ya nne. Taa hiyo iwe imezimika muda wote, isipokuwa unapopanda au kushuka mlima mrefu. AC tumia ukiwa mwendo wa barabara kuu na vioo vimefungwa. Mjini taratibu, fungua vioo.

Petroli ya chupa ya vijijini ikinuka mafuta ya taa, iache hata kama mshale umelala. Injini itagonga ikipanda na masizi yataziba sensa. Beba lita tano zako kutoka sheli kwenye dumu la chuma lililofungwa vizuri unapoelekea ndani ya Tandahimba au Liwale, na likishamiminwa kwenye tenki usiendelee kulibeba tupu lenye mvuke ndani ya buti. Kerea ya juu uliyofunga wakati wa korosho ifungue msimu ukiisha: hata tupu, inakinza upepo.