Ndege inarukaruka na nje hakuna wingu: elewa sababu na ujikinge

Usidhani ukiona nje kweupe basi mko salama. Wingu la radi linasukuma hewa juu kwa nguvu sana, ikifika kileleni inagonga tabaka tulivu afu yanatokea mawimbi yanayosambaa mbali hadi nje ya wingu, na upepo wa huko juu nao ukikutana na wingu unalizunguka, upande wa pili hewa inavurugika vibaya na wala huioni. Rada ya ndege inasoma matone ya mvua, hewa kavu haiioni.

Ndo maana marubani wanaambiwa radi kali waikwepe kwa angalau maili 20, na wakipita juu yake waache futi 1000 kwa kila noti 10 (knots, kipimo cha kasi) za upepo pale kileleni, yaani noti 50 ni futi 5000. Mara nyingi ndege haifiki huko, bora kuzunguka tu.

We abiria funga mkanda muda wote umekaa, hata taa ya alama ya mkanda ikizimwa, ukaze nyongani sio tumboni. Tarehe 21 Mei 2024 Boeing 777 ya Singapore Airlines iliyotoka London ilitikiswa juu ya Myanmar, ikashuka futi 178 ndani ya sekunde kama 4.6 tu, wasiofunga wakarushwa juu, abiria mmoja akafariki. Na kwetu, ukiruka Nairobi–Entebbe usiku kumbuka Ziwa Victoria lina radi nyingi usiku hadi alfajiri, kwa hiyo chooni nenda kabla hujapanda.