Kuipanga miezi ianzie Julai kwenye Power BI

Juzi usiku mwenzangu wa Wete alinitumia picha ya ripoti yake ya karafuu na suali moja: "Kaka, mbona Agosti imekaa juu na Septemba imetupwa mwisho?" Power BI, programu ya kutengenezea ripoti, haina kosa. Imepewa maneno, ikayapanga kwa alfabeti: Agosti, Aprili, Desemba, Februari. Nasi mwaka wetu wa fedha unaanza Julai ukaisha Juni, kwa hivyo hata kalenda ya ukutani isingemsaidia. Dawa ni kuupa kila mwezi namba, kisha kuiambia programu ifuate namba hiyo.

Hatua ya 1. Ingiza faili lako la Excel, bonyeza "Transform data". Dirisha la Power Query, pahala pa kusafishia data kabla haijaingia kwenye ripoti, litafunguka.

Hatua ya 2. Safisha majina ya miezi kwanza. Usiruke hapa, sisi tuliruka, tukakesha hadi saa saba za usiku. Tulipofika hatua ya mwisho programu ilikataa, ikidai kuna mwezi wenye namba zaidi ya moja. Tukitazama orodha, Juni ni moja tu. Tukafuta, tukaanza upya, hali ile ile. Kumbe mmoja wa waliojaza data aligusa kitufe cha nafasi baada ya kuandika "Juni". Power Query huihisabu nafasi hiyo kama herufi, kwa hivyo kwake zilikuwa Juni mbili: moja ikapata 12, ya pili haikupata kitu. Data ikishapakiwa kwenye ripoti, nafasi ya mwishoni hukatwa, na Juni zote mbili zikawa moja yenye majibu mawili. Ndiyo maana macho hayaoni kitu. Herufi kubwa na ndogo zina mchezo huo huo: "juni" na "Juni" ni mbili kwa Power Query, lakini ni moja kwenye ripoti.

Basi chagua kolamu ya mwezi, nenda "Transform", kisha "Format", bonyeza "Trim", halafu "Capitalize Each Word". Mambo haya mawili lazima yakae juu ya lile la namba (Hatua ya 3) katika orodha ya kulia, "Applied Steps". Ukiyatia chini yake hayakusaidii. Na aliyeandika "Disemba" pahala pa "Desemba" hatengenezwi na Trim. Huyo mrekebishe kwa "Replace Values".

Hatua ya 3. "Add Column", "Conditional Column": Julai 1, Agosti 2, mpaka Juni 12. Ibadilishe aina iwe "Whole Number", la sivyo namba zitasomwa kama maandishi na Aprili, yenye 10, itairuka Agosti. Wapo wanaopenda kuzitoa namba hizo kwa kuandika fomula ya SWITCH kwenye ripoti yenyewe. Mie siitaki: ukijaribu kulipanga jina kwa kolamu iliyozaliwa na jina hilo hilo, unaambiwa zinategemeana kwa mzunguko.

Hatua ya 4. "Close & Apply". Chagua kolamu ya jina la mwezi, nenda "Column tools", "Sort by column", teua ile ya namba.

Jedwali likiwa bado limevurugika, huenda limepangwa kwa kilo. Bonyeza kichwa cha kolamu ya mwezi.

Tulipomaliza akataka na wilaya za Pemba zishuke kutoka kaskazini kwenda kusini. Micheweni 1, nikamwambia, Wete 2, Chake Chake 3, Mkoani 4. Asubuhi ripoti imenifikia: Wete iko juu.