Unataka kuwaweka wanajazi wa Tanga jukwaa moja? Anza hivi

Kwanza tuelewane neno lenyewe. Ukimwambia mzee wa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, "jazi" hafikirii New Orleans, anafikiria bendi ya dansi, magitaa matatu, besi, tumba, drams na kina tarumbeta na saksafoni pale mbele, na ndo maana mji huu ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz wakati walichokuwa wanapiga zaidi ni rumba na cha-cha-cha. Kijana anayejifunza saksafoni kwenye simu yeye akisema jazi anamaanisha ile ya Marekani. Sherehe yako iwachukue wote wawili, na hilo liseme mapema kabisa maana ukinyamaza wazee watadhani ni mambo ya vijana, na vijana watadhani ni zilipendwa tu.

Tarehe. Wengi wanakimbilia 30 Aprili kwa sababu ndo Siku ya Kimataifa ya Jazi, UNESCO waliitangaza 2011. Siku nzuri, ila kwetu huku Aprili ni masika, mvua inaweza kukushukia saa tisa mchana ukabaki na spika zimelowa na watu wamejibanza chini ya miti. Kama unaitaka lazima tarehe hiyo tafuta ukumbi wenye paa. Kama unataka nje, pale uwanja wa Tangamano kwa mfano, mi ningesubiri mvua ziishe kabisa.

Sasa watu. Hapa ndo kazi yote ilipo na hapa ndo wengi wanakosea, wanaanza kutafuta mabango na mdhamini wakati hawajui hata nani yuko hai na nani alishahama. Usipige simu. Nenda. Kaa vijiwe vya kahawa vya barabara za Ngamiani jioni mbili tatu, ulizia "mzee aliyekuwa anapiga besi anakaa wapi", mmoja atakupeleka kwa mwenzie na huyo atakupeleka kwa mwingine. Halafu usiishie kwa wazee wa bendi tu, pita kwenye kwaya za makanisa maana wapiga besi na kinanda wazuri wa mji huu wengi wako huko, pita kwa wale wanaopiga kwenye maharusi na mahotelini, na watu wa taarabu usiwasahau hata kidogo. Black Star, bendi aliyoimba Shakila, yule mwimbaji wa taarabu, ni ya hapahapa Tanga na walikuwa wanapiga taarabu na magitaa ya umeme, kwa hiyo mpiga gitaa wa taarabu wa Tanga siyo mgeni kwenye dansi. Ukipungukiwa wapuliza tarumbeta ulizia Bagamoyo, pale kwenye chuo cha sanaa, TaSUBa, wanafundisha muziki.

Ukifika kwa mzee, shikamoo kwanza, kaa, usitoe karatasi. Kuna mmoja nilimfuata akaniambia aliacha muziki siku nyingi, hana hata gitaa. Tumeongea kama saa nzima mambo ya samaki na wajukuu, mara akaingia ndani akatoka na kitu kimefungwa kanga mbili, gitaa, nyuzi zimeota kutu nyekundu kwa upepo wa bahari na ule wa chini kabisa haupo. Akaliweka mapajani akaanza kupiga ridhimu kwa nyuzi tano zilizobaki, taratibu, jicho liko mlangoni, na mkewe jikoni akaacha kupepeta mchele. Sikumuuliza tena kama atakuja. Nilirudi kesho yake na seti mpya ya nyuzi. Kwa hiyo kwenye bajeti weka nyuzi, ridi za saksafoni (vile vipande vya mdomoni vinavyotoa sauti) na vijiti vya drams kabla hujaweka fulana za sherehe, nakuomba sana.

Jambo la kuangalia: ushindani wa Atomic na Jamhuri ulikuwa mkali na mpaka leo kuna familia zimeubeba. Usiipe sherehe jina la bendi moja, mazoezi usiyafanye nyumbani kwa mtu wa upande mmoja, na kwenye tangazo taja zote. Mtaje pia Wilson Kinyonga na mdogo wake George, vijana wa Tanga waliopitia Jamhuri wakaenda Arusha, halafu Kenya na bendi yao ya Simba Wanyika. Watu wa hapa wanajisikia fahari wakisikia hivyo, na vijana wengi hawajui kabisa kama wale walianzia mji huu.

Usialike bendi nzimanzima. Ukialika bendi tano utapata bendi tano zinazopokezana jukwaa, kila moja inafunga na kufungua vyombo dakika arobaini na watu wanaenda zao. Tengeneza kikosi kimoja cha kukaa pale muda wote, besi, drams, tumba, ridhimu na kinanda, halafu wapiga solo, wapulizaji na waimbaji ndo wanapanda na kushuka. Wanamuziki wanaujua huu mtindo, ni kama kupiga deiwaka tu, yaani kupiga kwa siku moja na bendi isiyo yako. Nyimbo nane au kumi zinatosha, na kila wimbo uandike kii yake, yaani sauti unayoanzia, kwenye karatasi maana mzee aliyekuwa anaimba juu enzi hizo sa hivi sauti imeshuka, ukimlazimisha kii ya kwenye rekodi utamuaibisha mbele ya wajukuu zake. Mshushie sauti moja au mbili. Mazoezi matatu angalau, saa kumi jioni, na chai iwepo. Kwenye mazoezi ya kwanza tulihangaika nusu saa magitaa hayakubaliani kumbe mmoja ametyuni nusu sauti chini kama alivyozoea tangu ujana, kwa hiyo kabla ya wimbo wowote kila mtu atyuni kwa kinanda kimoja.

Vibali usiviache wiki ya mwisho. Anza serikali ya mtaa, nenda kwa afisa utamaduni wa jiji, yeye ndo atakuelekeza mambo ya BASATA, baraza la sanaa la taifa, na ya hakimiliki kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, halafu polisi.

Vyombo ukikodi, nenda ukavione kwa macho na uvijaribu. Mi niliamini maneno ya simu, siku ya siku jamaa kaja na maiki mbili wakati tuliongea sita, na jenereta halina mafuta. Tarumbeta na waimbaji wakagawana maiki moja. Andikianeni, hata kwenye karatasi ya daftari, na bakiza sehemu ya hela mpaka kazi iishe.

Malipo ya wanamuziki: posho sawa kwa wote, mzee na kijana, na iseme mapema kila mtu akisikia. Nauli toa kwenye mazoezi, usisubiri siku ya shoo. Na watu wakija kutunza jukwaani, kubalianeni kabla kama hela inaingia kapu moja au ni ya aliyetunzwa, hapa nimeona watu waliopiga pamoja vizuri wakanuniana.

Siku yenyewe anza saa kumi jioni, wazee wapande mapema kabla hawajachoka, wawe na viti vyenye migongo pembeni ya jukwaa na siyo kule nyuma. Mbele acha wazi pa kucheza. Ukirekodi, omba ruhusa ya kila mmoja. Bahasha za posho zigawiwe kabla nyaya hazijachomolewa, bajaji za kuwarudisha wazee ziwe zimelipwa tayari, na zile rekodi zikishasafishwa wapelekee nyumbani kwenye fleshi, maana wengi wao hawana simu ya kupokea video.